Wingi wa Kiume

Jumatatu moja ya Oktoba mwaka 1996, mwalimu Dolphine alifuta ubao kwa kitambaa kibichi, akaandika tarehe kwa Kifaransa, kisha akawaambia wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba leo watajifunza kusema jambo ambalo halijatokea kana kwamba limeshakwisha. Shule ilikuwa kwenye mteremko wa kuingia Masara. Madirisha hayakuwa na vioo, kwa hiyo vumbi la mawe yaliyopondwa kwenye machimbo ya dhahabu liliingia darasani kila siku saa tatu, na wanafunzi walizoea kupuliza madaftari kabla ya kuandika.

“Si kitu kigeni,” alisema. “Ukisema ‘mama akirudi nitakuwa nimepika’, umesimama mbele ukageuka kutazama nyuma. Kifaransa nacho kinataka vitenzi viwili. Cha kwanza ni msaidizi, *avoir* au *être*, nacho kinakwenda wakati ujao. Cha pili kinakuja kikiwa kimeshatendeka.”

Aliandika *j’aurai préparé*. Chini yake akaorodhesha vitenzi vinavyotaka *être*: kwenda, kuja, kuingia, kutoka, kuzaliwa, kufa. Akaeleza kwamba hapo kitenzi cha pili hufuata jinsia na idadi ya watendaji.

Phanice, msichana aliyekaa karibu na mlango, aliinua mkono. “Na wakichanganyika, madam?”

“Akiwemo mwanamume mmoja kati ya wanawake mia, unaandika wingi wa kiume.”

“Na wale wanawake?”

“Wamo ndani. Hawaonekani tu.”

Kila mmoja alitakiwa kutunga sentensi moja. Phanice aliandika kwamba kabla ya Ijumaa mvua itakuwa imechukua paa la jikoni. Jumatano mvua ililiinua paa la jikoni la shule, ikaliweka katikati ya mahindi ya jirani bila kuvunja bua. Wiki iliyofuata aliandika kwamba kabla ya Jumatatu fahali wa mwalimu mkuu atakuwa ameondoka. Mwalimu mkuu alimfuata fahali wake hadi Isebania, akamkuta amesimama kati ya malori ya mpakani, ametulia, akamrudisha kwa kamba.

Sentensi za wengine hazikutokea kwa sababu zilikuwa na makosa. Mvulana mmoja alijiandikia Nissan nzima lakini akasahau kugeuza kitenzi cha pili, na Nissan haikuja. Phanice peke yake ndiye hakukosea. Walimu walilizoea jambo hilo upesi. Mwalimu mkuu alimwomba aandike kwamba wakaguzi watakuwa wameridhika, akaandika, nao wakaridhika.

Mwisho wa Oktoba, Dolphine alikaa ofisini akisahihisha madaftari thelathini na manane huku chai yake ikipoa. Alipofika kwa Phanice alikuta kosa, la kwanza tangu muhula uanze: *Avant la fermeture des écoles, ils auront mort dans le trou.* Alikata *auront* kwa kalamu nyekundu, akaandika *seront* juu yake. Akaongeza *s* mwishoni mwa *mort*, maana walikuwa wengi. Akampa tisa kwa kumi. Alikuwa ameshafungua daftari linalofuata mkono wake uliposimama. Alirudi, akaisoma sentensi yote kwa mara ya kwanza. Kabla ya shule kufungwa, watakuwa wamekufa shimoni.

Alimwita Phanice.

“Hawa ni akina nani?”

“Ni watu wa shimo la Mzee Walter, madam. Mama anasema ukuta wa kule chini uko na ufa, mkono unaingia. Kila jioni anasemanga iko siku watakuwa wamekufa wote.”

“Na mbona uliweka *avoir*? Wewe unajua kufa kunataka *être*.”

Phanice alitazama viatu vyake. “Nilikosea makusudi. Nilitaka kuisema tu, isitokee.”

Mtoto alipoondoka, Dolphine alichukua wembe, akakwangua wino hadi karatasi ikatoboka. Herufi nyekundu zilibaki zimekaa kwenye tundu, bila karatasi, zikisomeka vizuri kabisa kutoka pande zote mbili.

Jumamosi aliteremka Masara. Alimkuta Rispa, mama yake Phanice, ameketi kati ya wanawake wengine akiponda mawe kwa nyundo, nywele zake nyeupe kwa vumbi. Alimweleza yote, na kosa lake mwenyewe hakulificha.

“Tunajua, mwalimu,” Rispa alisema. “Hata bila Kifaransa tunajua.”

“Basi usishuke, mama Phanice. Hata mila zenu za hapa zinakataza mwanamke kuingia shimoni.”

“Zinakataza. Ndiyo maana Mzee Walter anatushusha kwa mlango wa nyuma. Tuko watatu, mimi na wale wawili. Anasema sisi wembamba, tunapita pale wanaume wanakwama.” Aligeuza jiwe, akatafuta mahali pa kupiga. “Nikikataa leo, kesho atashuka mwingine, na huyo mtoto wangu hatakuwa na shule. Wewe mfundishe tu.”

Walter, mwenye shimo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya paa la mabati akisikiliza redio. Alipunguza sauti kwa heshima.

“Karibu, nyar Homa Bay,” alisema, yaani binti wa Homa Bay, maana alijua Dolphine alitoka wapi. Alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisa cha paa la jikoni alikuwa ameshakisikia, na cha fahali pia.

“Jaduong’, mzee wangu, funga shimo kwa mwezi mmoja,” Dolphine alimwomba. “Au weka magogo ya kuzuia ukuta.”

“Magogo nilikuwa nayo. Nilijengea zizi.” Alifikiri kidogo. “Hiyo sentensi imenitaja kwa jina?”

“Haikutaja mtu. Inasema ‘wao’.”

“Basi mimi simo. Na hawa wengine, kama watakuwa wamekufa, hayo magogo nawawekea ya nini? Ningekuwa najisumbua na kitu ambacho kimeshakwisha. Mwamba wa dhahabu ndio kwanza tumeufikia.”

Aliagiza aletewe soda.

Jumatatu Dolphine alifunga mlango wa darasa, akajaza ubao mzima: *ils seront sortis*, watakuwa wametoka. Chaki ya mwalimu haikuwa na nguvu yoyote, na hilo alilijua. Alimpa Phanice kalamu. Phanice aliandika polepole, akakagua kila herufi: kabla ya shule kufungwa, watakuwa wametoka. Walisoma pamoja. Haikuwa na kosa. Siku chache Dolphine alilala vizuri.

Shimo liliporomoka Jumanne ya wiki ya mwisho ya muhula, saa nane mchana. Darasani madaftari yote yalijaa vumbi kwa mara moja, na hakuna aliyepuliza. Watu walichimba kwa karai na kwa mikono hadi Alhamisi jioni. Walitoa wanaume tisa, wote wamekufa, wakawalaza juu ya magunia. Bwana D.O., mkuu wa tarafa, alifika na karani, akamuuliza Walter kama wamebaki wengine. Walter alisema hakuna. Phanice alisimama mbele ya karani akasema mama yake yumo, na wanawake wawili pamoja naye.

“Wanawake hawaingii shimoni,” Walter alisema. “Ni mwiko. Uliza mtu yeyote hapa.”

Karani aliuliza, na kila aliyeulizwa alikubali kwamba ni mwiko. Aliandika wanaume tisa, akapiga mstari chini. Uchimbaji ukasimamishwa.

Shule ilikuwa ifungwe Ijumaa alasiri, na sentensi ya pili ya Phanice, ile ya kutoka, ilikuwa haijatimia. Saa sita mchana udongo ulifunguka karibu na mlango wa nyuma, na wale wanawake watatu wakatoka wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Walijipangusa. Wawili walielekea makwao. Rispa alipanda hadi shuleni, akapiga foleni na wazazi wengine.

“Habari ya leo, mama Phanice,” Dolphine alisema.

“Nzuri, mwalimu. Nimekuja kuchukua ripoti.”

Udongo ulikuwa ukimtiririka sikioni kidogo kidogo, kama unga unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Dolphine alipompa mkono aliukuta baridi kama jiwe la kisimani.

“Mlitokaje?”

“Tulifuata maji.” Rispa aliifungua ripoti, akaitazama. “Nilikufa siku ile ile ya Jumanne. Niliusikia ukuta ukija. Huyu amekuwa nambari ngapi?”

“Wa kwanza.”

“Ni vizuri.”

Jioni hiyo wale wanawake watatu walikwenda kwa chifu kuomba kibali cha mazishi yao. Chifu alipitia orodha ya karani mara mbili. Alisema hawezi kutoa kibali kwa mtu ambaye hakufa, na kwamba mtu aliyesimama mbele ya meza yake ni ushahidi tosha. Wale wanaume tisa walizikwa, nyimbo zikaimbwa, Walter akatoa fahali. Wanawake watatu walikaa nyuma kabisa, wakiacha vichuguu vidogo vya udongo kila walipoketi. Kwenye hotuba hawakutajwa.

Dolphine alikwenda kwao Homa Bay kwa likizo. Mama yake alimpikia samaki, akamuuliza mbona hali. Alimweleza kwamba mwanzoni alikosea kwa kusahihisha, na mara ya pili hakukosea popote. Mama yake alimwongezea samaki.

Januari kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu. Alingoja wiki mbili, kisha akateremka Masara. Walter alikuwa amefungua shimo jipya hatua mia kutoka kwa lile la zamani. Alikuwa amewaajiri tena wale wanawake watatu, safari hii kwa mlango wa mbele na mbele ya watu wote, kwa kuwa hawakuhitaji hewa wala chakula cha mchana, na ukuta haungeweza kuwafanya kitu tena. Wachimbaji wengine walishuka nyuma yao. Magogo hayakuwapo.

Phanice alikuwa amesimama ukingoni, kamba imezunguka kiuno chake, miguu imekazwa kwenye udongo.

“Nimekuja kukuchukua,” Dolphine alisema. “Mtihani ni mwaka huu.”

“Shikamoo, madam.” Hakugeuka. Kamba ilikuwa ikimpita mikononi, polepole, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka. “Mama yuko huku chini. Siwezi kuachilia.”

Dolphine aliweka mkoba wake chini, akashika kamba nyuma yake.