Kumsindikiza Marquel

Mabawa ya bata mzinga yalikuwa yanapita kwenye mkanda, Loretta Pettiford anayakata bila kuyatazama, macho kayaelekeza kwenye saa ya ukutani. Kiwanda kizima kilikuwa na baridi ya kugandisha vidole. Leo hakuihisi.

"Rick, saa ya chakula naondoka," alimwambia msimamizi alipopita. "Nilikwambia tangu Jumatatu."

"Uliniambia, sikukukubalia. Ukitoka naandika pointi ya utoro."

"Andika."

"Loretta, unajua pointi zako zilipofika. Ikiongezeka nyingine wa ofisini watakuita."

"Mwanangu naye anahesabiwa pointi leo. Tofauti yetu ni moja, yeye akizipata anapigiwa makofi, mimi nikizipata nafukuzwa."

Opal, aliyesimama jirani yake kwenye mkanda, alicheka mpaka kofia ya wavu ikamshukia usoni. "Basi na mimi niandikie, Rick. Huyu hajui kuendesha gari akiwa na furaha, atatuua barabarani."

Wakaondoka na gari la Opal, lile la mlango mmoja usiofunguka. Njia nzima Loretta hakufunga mdomo. Alirudia habari ya simu kana kwamba Opal hajaisikia wiki nzima.

Marquel alikuwa mchezeshaji wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Corwin Hill, yule anayeupandisha mpira na kuwapangia wenzake. Msimu ulianza kama moto wa majani makavu. Hadi Krismasi watangazaji wa redio walikuwa wanamwita daktari, kwa jinsi alivyoipasua ngome ya wapinzani. Januari akateguka kifundo. Aliporudi mguu ulikuwa mzito, na kocha akaanza kumwacha benchi. Kila baada ya mechi makocha huketi wakatazama video na kumpa kila mtu alama: pasi alizotoa zikazaa kikapu, mipira aliyopoteza, na yule aliyepewa amlinde alifunga ngapi. Alama za Marquel zikashuka. Kocha Hollenbeck akamwita ofisini akamwambia, "Tunakutathmini mpaka mechi ya mwisho ya nyumbani. Ukipanda, mwaka ujao nafasi ni yako."

Alikuwa bado na mwaka mmoja wa kucheza, maana ule wa kwanza aliokaa nje akiuguza goti, ule wanaouita mwaka wa shati jekundu, hauhesabiwi. Na alikuwa bado na mwaka mmoja wa masomo ya ualimu, kwa sababu vipindi viligongana na mazoezi, na watu wa timu wakasema vipindi vitasubiri. Vikasubiri kweli. Bila nafasi kwenye timu hakuna wa kumlipia ada, na ualimu ungeishia hapo.

Ndipo Jumatatu, wakati wa mapumziko, binti mmoja wa ofisi ya timu akapiga simu. Sauti tamu, kama mtu anayekupigia kukwambia umeshinda bahati nasibu. "Bi. Pettiford, Jumamosi utakuja kumsindikiza Marquel uwanjani?"

"Nitakuja hata kwa magoti," alijibu Loretta.

Wewe mama mwenye mtoto anayecheza, hapo ndipo usimame kidogo. Ukipigiwa simu na watu wa timu ukaambiwa uje kumsindikiza mwanao, kabla hujasema ndiyo, uliza anasindikizwa kwenda wapi. Mtu husindikizwa anapoondoka. Neno lilikuwa wazi, ni furaha iliyomziba Loretta masikio.

Mlangoni walimbandika ua jeupe kifuani na utepe wa rangi za chuo. Uwanja ulikuwa umefurika. Tarumbeta za wanafunzi zilikuwa zinatikisa mbao za viti, na harufu ya bisi na soseji ilijaa hewani. Bei ya soda ilikuwa imepanda tena. Opal akamwambia muuzaji kwa bei hiyo alitegemea kupewa na kikombe cha fedha.

Marquel alikuwa anapasha misuli. Alipomwona mama yake alikuja mbio, akasimama ghafla.

"Mama, hilo ua kakupa nani?"

"La wazazi. Nimekuja kukusindikiza."

"Wazazi wa wanaomaliza, Mama. Leo ni siku ya kuwaaga wanaoondoka."

"Wewe huondoki."

"Ndicho ninachosema."

Loretta hakungoja. Alishuka hadi kwenye benchi la kocha, viatu vyake vya kiwandani vikilia kwenye sakafu iliyong'arishwa.

"Bi. Pettiford! Umependeza," alisema Kocha Hollenbeck huku akitafuna ubani.

"Kocha, mwanangu bado ana mwaka mmoja wa kucheza."

"Tulikupigia, ukathibitisha. Tulifurahi kuona familia imeridhika."

"Mimi nilithibitisha kuja."

Kocha akamshika bega, akatazama kamera zilikokuwa. "Tuzungumze baada ya mechi, mama. Tathmini bado inaendelea."

Loretta akalishika hilo neno moja, inaendelea, akapanda nalo hadi kwenye kiti chake. Marquel aliposikia, aliitikia kwa kichwa tu, akakaza kamba za viatu.

Jina lake likatajwa kati ya watano wa kuanza. Loretta akaruka. "Umeona? Kamwanzisha!"

"Shuka, mwenzangu," Opal alisema polepole. "Wanaoagwa huanzishwa. Dakika chache za heshima, halafu anatolewa watu wapige makofi."

Lakini kumtoa hakukuwezekana. Mpira wa kwanza alimpokonya mchezeshaji wa wageni kama mtu anayechukua kofia yake mwenyewe, akaenda peke yake, akafunga. Wa pili alitoa pasi ya nyuma ya mgongo, mwenzake mmoja mrefu, jitu la Corwin Hill la chini ya kikapu, likaushindilia mpaka ubao ukalia. Kocha aliinuka kumwita yule kijana aliyekuwa anachukua nafasi ya Marquel, na kijana akavua fulana ya juu. Hapohapo Marquel akafunga kutoka mbali. Uwanja ukalipuka. Kocha akamrudisha kijana akae.

"Mtoe sasa, mtoe!" Opal alimpigia kelele kocha, anacheka na kulia kwa pamoja. "Thubutu!"

"Kifundo chake," Loretta alikuwa anasema. "Mungu wangu, kifundo chake."

Kifundo kilihimili. Kipindi cha pili wageni walitangulia, Marquel akawarudisha, wakatangulia tena. Mfungaji hatari wa wageni alipewa Marquel amlinde, naye akamganda kama lebo ya bei, akamkosesha raha mpaka jamaa akaanza kumlalamikia mwamuzi. Sekunde za mwisho timu zikiwa sawa, mpira ukawa mkononi mwa Marquel. Uwanja wote ulisimama ukimwambia apige. Wawili walimrukia. Hakupiga. Aliuteremsha katikati ya miguu yao, ukalifikia lile jitu la Corwin Hill likiwa peke yake chini ya kikapu, likautia kama mtu anayeweka yai kwenye kiota.

Kengele ikalia. Opal alimkumbatia mtu asiyemjua. Loretta sauti ilikuwa imemkauka, bado alikuwa anapiga kelele isiyotoka.

Taa zikapunguzwa, wanaoagwa wakaitwa mmojammoja na wazazi wao, shada na picha ya kwenye fremu. Loretta alishuka, akamkuta mwanawe kando ya uwanja, jasho linachuruzika hadi kwenye nyusi. Kocha alikuwa hapo karibu, kipaza sauti mkononi, anacheka kwa meno yote.

"Kocha, tathmini inasemaje?" aliuliza Loretta.

"Mechi ya ajabu. Hakuna namna nzuri zaidi ya kuaga."

"Sikuulizia kuaga."

Kocha akakisogeza kipaza sauti mbali na mdomo. "Nafasi yake ilishatolewa, mama. Kuna kijana anahamia kutoka chuo kingine. Tulimalizana naye Januari."

"Januari," Marquel alisema. "Na zile alama za kila wiki?"

"Hizo ni za kukusaidia wewe ukue."

Jina likaitwa: Marquel Pettiford, akisindikizwa na mama yake. Tarumbeta zikalia. Marquel alimtazama mama yake, kisha akageuka akaenda kwenye benchi la wachezaji wanaobaki, akakaa kati yao. Wakasogea kumpa nafasi. Loretta akamfuata, akakaa naye, mikono yake inayonuka kiwanda juu ya mapaja.

Jina likaitwa tena. Kutoka jukwaa la wanafunzi mtu akaanza, wengine wakadaka, mpaka uwanja mzima ukawa unaimba neno moja: Pet-ti-ford.

Kocha akaja hadi kwenye benchi, ameinama. "Bi. Pettiford, watu wanangoja."

"Naona. Waambie ulichotuambia."

Kocha akasimama wima, akakiinua kipaza sauti. Watu wakanyamaza kumsikiliza.

Akaita jina linalofuata.