Dhiraa Mbili za Ngoma Tupu

Fikirini alikuwa akisema waziwazi, na wa kukasirika akasirike: ngoma iliyopigwa na mashine si ngoma. Miaka kumi na mmoja alipiga tumba katika bendi ya shirika la nguo, mpaka shirika lilipofungwa na bendi ikafa nalo. Baadhi ya wenzake walikwenda kupiga mahotelini, kwenye vinanda vyenye ngoma humohumo ndani. Yeye hakuitwa. Mwenye hoteli mmoja alimwambia usoni, "Bwana, hiki kinanda hakili wala hakiumwi." Basi akakodi kibanda Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akaweka deki mbili za kaseti, akawa fundi wa kurekodi na kuunga kanda.

Mwaka huo, tisini na nne, bidhaa zilikuwa zimefurika. Redio za kila namna zilipangwa mpaka vibarazani, nyingi zikiwa mbovu tangu kwenye boksi, na zilitafuna kanda kama mbuzi. Kwa hiyo Fikirini hakukosa kazi. Wembe wake ulikuwa mkali, selotepu yake aliikata nyembamba kama uzi, na kipimo chake kilikuwa mkono wake mwenyewe: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, dhiraa moja, ni sekunde kumi za muziki. Hakuhitaji saa.

Jumatatu aliletewa kanda na Hinal, binti wa Mzee Chandu anayeuza vipuri vya baiskeli Gerezani. Hinal alizaliwa Mtaa wa Kipata na Kiswahili chake kilikuwa na kasi kuliko cha Fikirini. Jumapili inayofuata alikuwa anaolewa. Redio ilikuwa imeitafuna kanda ile sehemu kumi, na Hinal aliivuta kwa nguvu mpaka ikatoka nje kama matumbo ya kuku.

Fikirini aliisikiliza kidogo. Tu-tu-tu-tu. Akasonya. Palipokuwa na sauti ya mtu au kinanda cha maana, alinyoosha kanda kwa ukucha akaiunga vizuri. Palipokuwa na ngoma tupu, mahali saba, alikata akatupa. Kunyoosha makunyanzi ya ngoma ya mashine aliona ni kupoteza siku. Jioni Hinal akachukua kanda yake, akashukuru, akaenda.

Jumatano asubuhi alirudi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, bibi harusi. Imelia?"

"Imelia. Lakini umekata ngazi."

"Nimekata nini?"

"Ngazi, fundi! Tunacheza tuko chini, ghafla tuko juu. Binamu zangu wamegongana vichwa. Mmoja ana nundu mpaka sasa."

Alikaa kwenye stuli, akatoa barua kwenye mkoba. Ilitoka kwa kaka yake Tejas, aliyeko Uingereza miaka minne sasa, kiwandani, na kiwanda hakikumpa ruhusa ya kuja harusini. Badala yake aliketi chumbani kwake na santuri zake na mashine mbili, akamtengenezea dada yake kanda moja ya nusu saa ya kucheza Jumamosi alasiri, siku moja kabla ya ndoa, wakati ukoo wote unapokutana ukumbini. Muziki ulianza polepole ukapanda, aina juu ya aina. Na kutoka aina moja kwenda nyingine Tejas aliweka ngoma tupu, ili miguu ivuke bila kujikwaa. Hakubaki na nakala. Angetuma nyingine leo, ingefika harusi imeshasahauliwa.

"Tulipokuwa wadogo tulicheza pamoja uani kwetu," Hinal alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu. Sasa hatakuwepo. Nilitaka angalau kanda yake iwepo nzima."

Fikirini aliinama chini ya meza akatoa kopo anamotupia mabaki. Mlikuwa na vipande viwili tu.

"Scholastika!" akaita.

Scholastika aliuza mchicha mbele ya kibanda cha Fikirini. Alikuwa mwanamke mnene, mchapakazi, asiyeachia neno lipite bure.

"Nini?"

"Zile kanda nilizokupa jana kufungia mchicha, ziko wapi?"

"Zimefunga mchicha. Ulidhani nimevaa shingoni?"

"Nazitaka."

"Uliniambia takataka."

"Niliyesema ni mimi. Nimekosea. Nipe."

Scholastika alimtazama, akamtazama na yule binti wa Kihindi mwenye macho mekundu, kisha akaanza kufungua mafungu yake makubwa, yale ya mama ntilie, aliyoyazungushia kanda mara tatutatu. Vikatoka vipande vinne, vimelowa, vina harufu ya shamba. Pamoja na viwili vya kopo, sita.

"Cha saba?"

"Cha saba kimeondoka alfajiri. Mama mmoja wa Ilala. Saa hizi mchicha wake uko jikoni."

Walivikausha kwa khanga ya Scholastika. Sasa kukawa na tatizo jingine: kipi kinakaa wapi? Barua ilitaja aina za muziki huo wa mashine kwa mpangilio wake, na Hinal alizisoma kwa sauti: haus, haus ya piano, asidi, tekno, trans, jango. Fikirini alivitia vipande kwenye kaseti tupu kimoja kimoja. Upande wa pili wa kanda ulikuwa mtupu, kwa hiyo kipande kikikaa kinyume hakikusema kitu. Kikikaa sawa kililia. Lakini kwake vyote vililia kitu kilekile.

"Zote tu-tu-tu-tu," alisema. "Nitajuaje?"

"Fundi, ukisikia chakacha na mdundiko, utasema ni kitu kimoja?"

"Ebo! Nani asiyejua chakacha na mdundiko?"

"Bibi yangu. Anasema zote ni kelele za Waswahili."

Fikirini alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akarudisha kipande nyuma. "Haya. Nifundishe."

Hinal alivua viatu akasimama kwenye kijinafasi kati ya meza na mlango. Haus, alisema, usisikilize juu, sikiliza chini, hatua nne sawasawa. Fikirini akasikiliza chini. Akaona mtu anayetembea Msimbazi asubuhi, shati limepigwa pasi, hana haraka na hachelewi. Ile ya piano ilikuwa mtu yuleyule, ila amepata habari njema njiani. Asidi ilikuwa na sauti kama ya mbu aliyefungiwa kwenye kopo, anatafuta pa kutokea, na kadiri anavyokosa ndivyo wimbo unavyonoga. Tekno hakuhitaji kuelezwa.

"Hii ni Gerezani," alisema. "Nyundo na bati. Huyu ananyoosha mlango wa gari."

"Ehee! Umeona?"

Trans ilikuwa sufuria lenye kifuniko: linachemka, linachemka, kifuniko kinacheza, unangoja kiruke. Na jango, ngoma zilimwagwa kama mtu aliyeangusha gunia la korosho ngazini, lakini chini yake besi ilitembea taratibu kama mwenye korosho asiyejali. Ile jango aliirudia mara tatu. Alisogeza sikio kwenye spika. Vidole vyake vilianza kugonga meza bila ya yeye kuviambia.

"Mwimbaji anaingia lini?" aliuliza.

"Haingii."

"Haingii kabisa?"

"Anaweza kusema neno moja, akaenda zake."

Kwenye bendi ya Fikirini, wimbo ulikuwa na nyumba mbili. Kwanza waimbaji waliimba, watu wakakaa vitini na soda zao. Halafu waimbaji walirudi nyuma, magitaa yakashika, tumba zikapanda, na viti vyote vikabaki vitupu. Hiyo ndiyo sebene. Miaka yote ile alivumilia mashairi huku viganja vikimwasha, akiingoja.

"Hii ni sebene tupu," alisema polepole. "Hawa watu wameondoa maneno yote wakabakiza sebene."

"Sasa umeelewa."

"Na mimi nimeondoa sebene nikabakiza maneno." Alishika wembe wake, akauweka tena mezani. "Mimi, mpiga tumba."

Mchana Hinal aliitwa nyumbani kupakwa manjano ya bibi harusi. Fikirini alibaki peke yake na orodha. Hakufungua kanda ya mteja mwingine. Hadi jua linazama vipande sita vilikuwa vimenyooshwa na kuungwa mahali pake, na alikuwa na hakika na kila kimoja. Ila pengo lilibaki pale panapoumiza zaidi, kati ya trans na jango, dhiraa mbili kamili, kama alivyopima mkononi siku ya kukata. Ngazi nyingine zilikuwa fupi. Hii ilikuwa ndefu, kwa kuwa trans inatembea na jango inakimbia. Alijaribu kuunga moja kwa moja. Ilikuwa kama kusukumwa kutoka kwenye gari. Alijaribu kuazima ngoma za mahali pengine kwenye kanda. Zilikuwa na mwendo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Kuongeza mwendo kidogo kidogo Tejas alikufanya kwa mkono wake; mashine peke yake haikujua. Ilijua kwenda tu.

Hapo ndipo alipomkumbuka Sadalla.

Alhamisi asubuhi alikwenda Feri. Sadalla, aliyekuwa kiongozi wa bendi, sasa alikuwa anakaanga samaki karibu na mnada, aproni kiunoni, jasho linamtiririka. Tumba za bendi zilikuwa chumbani kwake, zimefunikwa gunia.

"Unazitaka za nini? Umepata bendi?"

"Za Jumamosi tu. Harusi ya binti wa Chandu."

"Wewe! Uwapigie Wahindi?" Sadalla aligeuza samaki. "Watagongana. Fikirini, mimi nilikufokea jukwaani miaka mingapi? Kila sebene unaanza vizuri, ikifika katikati unakimbia. Mpiga besi alikuwa anakuita Ekspresi."

"Najua."

"Hukuwahi kuacha."

"Na safari hii nimeitiwa hilohilo. Kuna ngazi ya sekunde ishirini. Inaanza inatembea, inaisha inakimbia. Mashine haiwezi."

Sadalla aliweka mwiko chini. Kisha akafuta mikono, akaenda kutoa ufunguo.

Jumamosi alasiri ukumbi wa jumuiya, kule Upanga, ulijaa. Mzee Chandu alikuwa na suti, mkewe Madhuben alikuwa akipanga watu kwa kidole. Kwenye kona, karibu na deki na spika, aliketi Fikirini na tumba mbili, kwa ruhusa ya Hinal, kanzu safi. Pembeni ya deki alisimama Scholastika katika gauni lake la kanisani.

"Hebu rudia," alisema Scholastika.

"Trans ikiisha utasikia kimya, nimeunga kipande kitupu. Bonyeza hapa, isimame. Nitapiga. Nikiinua kidevu, bonyeza tena."

"Na ukisahau kuinua?"

"Sisahau."

"Na kwa nini mimi?"

"Aliyeuza ngazi ni wewe."

"Aliyenipa ni wewe, bwana. Usinitwishe."

Hinal na binamu zake saba waliingia, bangili zikilia, wakafanya duara. Haus ikaanza, wakaanza kutembea. Piano ikaingia na wazee wakainua vichwa. Asidi iliwafanya watoto wacheke. Kila palipofika kiungo Fikirini alifumba macho, na kila kiungo kikavuka bila kujikwaa. Tekno ikagonga bati lake. Trans ikapanda, ikapanda, kifuniko kikacheza, duara likabana, mikono ikainuka.

Kimya. Scholastika akabonyeza.

Fikirini akapiga.

Kwanza alitembea na miguu ya Hinal, hatua kwa hatua, viganja vikitafuta ngozi baada ya miaka mitatu. Wasichana walisita nusu ya pumzi, wakaendelea. Kisha likamjia lile jambo lake la siku zote. Lilianzia mabegani, likashuka kwenye viwiko, na alijua kabisa kwamba anaanza kukimbia. Akasikia sauti ya Sadalla kichwani: Ekspresi, unakimbia! Miaka kumi na mmoja alipigana na jambo hilo. Sasa aliliachia. Duara likaachia mikono, nguo zikaanza kupepea, wakazunguka, haraka, haraka zaidi, na wazee walioketi ukutani wakashuka vitini. Alipima kwa mkono bila kuutazama: dhiraa ya kwanza, dhiraa ya pili. Akainua kidevu.

Jango ikaanguka juu ya viganja vyake, gunia zima la korosho, na mwendo ulikuwa uleule.

Alitakiwa kuacha hapo. Hakuacha. Alipiga na mashine mpaka mwisho, mara akiifuata, mara akiijibu, na mashine haikuchoka na yeye pia, siku hiyo, hakuchoka. Scholastika alikuwa akicheza nyuma ya spika akidhani haonekani.

Muziki ulipokwisha Hinal alikuja kwenye kona, poda imechuruzika, pumzi imemwishia. Alishika ukingo wa tumba akasubiri apate sauti.

"Kesho nitamwandikia Tejas," alisema. "Nitamwambia kila kitu. Lakini fundi, kila aina ina jina lake. Ile uliyopiga wewe, pale katikati, nimwambie inaitwaje?"

Fikirini hakuwahi kuulizwa jina la kosa lake.

"Mwandikie inaitwa mchicha," alisema Scholastika.

Hinal alicheka mpaka akainama. Fikirini naye alicheka, akajipangusa uso kwa mkono wa kanzu. Upande wa pili wa ukumbi Madhuben alikuwa ameinua kidole, anaashiria kwa kukizungusha: rudisheni kanda mwanzo.