Sentensi Chini ya Soksi

Sentensi iliyoandikwa kujaza nafasi tu, kisha ikasomwa na maelfu ya watu wakaiamini, je, ni ahadi au si ahadi? Na kama ni ahadi, ni ya nani: ya aliyeiandika, au ya wale walioiacha ipite?

Mchoraji alikuwa akijiuliza hivyo tangu alfajiri, na sasa, saa nne kasorobo asubuhi, hakuwa amepata jibu. Alikuwa ameketi katika chumba cha mikutano cha kampuni ya gemu alikotumwa na chuo kikuu kufanya mafunzo ya vitendo. Chumba kilikuwa cha vioo pande tatu. Uliweza kumwona kila mtu ofisini, na kila mtu aliweza kukuona, lakini sauti haikupenya. Mlango ulifunguka kwa kadi, na kadi za wanafunzi hazikuwa na uwezo huo. Ukitaka hata kwenda msalani, ilikubidi umwombe mtu akufungulie kama mtoto wa chekechea.

Mambo yalianzia kwenye soksi. Dada yake, muuguzi katika wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, alimwonyesha siku moja soksi wanazowavika watoto wale: za mistari ya manjano na buluu, ndogo kiasi cha kuenea kwenye kidole gumba. Mchoraji akazichora, akazikuza, akawavika mashujaa wa gemu. Majitu yenye vifua kama milango ya ghala na mapanga yanayowaka moto yakawa yanakwenda vitani na soksi za vichanga. Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Meneja wa Duka, mama mwepesi wa kauli na mwepesi zaidi wa maamuzi, hakucheka. Alipiga meza kwa kiganja akasema, "Hizi tunaziuza ili wodi ile ipate mashine za kupumulia."

Kazi ya kuchora dirisha la duka ndani ya gemu ina desturi yake. Mchoraji hupanga picha, kitufe cha kununulia na mahali pa maelezo. Na kwa kuwa maelezo halisi huletwa baadaye na wakili, hujaza pale maneno yoyote ya kushikilia nafasi. Pale ofisini kanuni ilikuwa moja: andika "ndizi ndizi ndizi" mpaka mstari ujae, ili yeyote atakayelipitia dirisha ashtuke na kujua kwamba halijakamilika. Lakini Mchoraji aliona haya kuandika ndizi chini ya soksi za watoto wanaopigania pumzi. Akaandika sentensi aliyotamani iwe kweli: "Kila utakachotoa kitafika wodini, chote."

Kosa la sentensi ile lilikuwa uzuri wake. Haikumshtua mtu. Ikapita kwa mhariri, ikapita kwa wakaguzi, kila mmoja akidhani ndiyo maelezo ya wakili, ikaingia dukani na kukaa siku tisa, huku soksi zikigombaniwa kama njugu.

Makubaliano na hospitali yalisema nusu.

Jana mchana mtu mmoja ofisini aligundua, na maneno yakabadilishwa kimyakimya yakawa "sehemu ya mapato". Asubuhi hii wachezaji walikuwa wamekwisha kuziweka picha mbili kandokando mtandaoni, ya dirisha la jana na ya dirisha la leo, wakitaka maelezo. Na saa nne na nusu kampuni ilikuwa na matangazo ya moja kwa moja, ambamo Mchoraji na dada yake wangeketi mbele ya kamera kusimulia habari za soksi.

"Mbona rahisi," alisema Wakili, huku akipangusa miwani kwa ncha ya tai. "Tunasema ile picha ya jana ni ya kughushi. Siku hizi nani hawezi kutengeneza picha? Na akisema hivyo aliyechora dirisha lenyewe, nani atabisha?"

"Lakini si ya kughushi," alisema Mchoraji.

"Binti, sijakuuliza ikoje. Nimekuambia tutasemaje."

"Si tutoe chote basi, sentensi iwe kweli, tulale usingizi?" aliuliza Babu. Huyu alikuwa mtengenezaji wa programu, na alipewa jina hilo kabla hajatimiza miaka arobaini, kwa sababu nywele zilimkimbia mapema.

"Nimewaomba wenye kampuni mimi mwenyewe asubuhi hii," alijibu Meneja. "Wamekataa. Tena wamesema: ikithibitika kwamba tuliwapotosha wanunuzi, soksi zinaondolewa, kila mtu anarudishiwa chake, na wodi haipati hata waya wa mashine. Mkataba unaruhusu. Wakili, si ndiyo?"

"Kifungu cha tisa."

Babu alijikuna upara. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Anayetaka kuisaidia wodi aende wodini. Sisi tunamuuzia soksi zisizoingia mguu wowote duniani, halafu tunajiita wafadhili."

"Hebu nipishe, Babu!" alifoka Meneja. "Hao vijana wangekwenda wodi gani? Wangeijulia wapi? Tumewafanya watoe bila hata kuinuka kitini."

"Ndiyo. Na sisi tukabaki na nusu bila hata kuinuka kitini."

Meneja alimpa Babu mgongo. Alimgeukia Mchoraji, na sauti yake ikalainika, jambo lililomtisha msichana kuliko ukali. "Mwanangu, mimi si mtu mbaya. Nimezaa mtoto wa miezi saba, naijua wodi ile. Sentensi moja tu. Picha si yetu. Basi."

Mchoraji alitazama nje ya kioo. Wenzake walikuwa wakichapa kazi, mmoja akimpungia mkono kwa furaha bila kujua lolote. Akampungia pia. Alijiona kama samaki wa pambo, anayefungua mdomo na kuufumba mbele ya wageni. Tumaini lake lilikuwa moja: dada afike. Dada angepasua jipu hili kwa neno moja. Dada ndiye aliyemlea. Dada ndiye aliyewahi kumshika mkono na kumpeleka hadi kwa jirani, mbele ya watoto wote, arudishe penseli isiyo yake.

Dada aliingia saa nne na dakika kumi, akiwa bado na sare yake, viatu vya mpira miguuni na harufu ya dawa ya kusafishia mikono. Akaelezwa yote. Alisikiliza akiwa amesimama, kama anavyosikiliza ripoti ya zamu.

"Mkisema kweli, mashine haziji?" aliuliza.

"Haziji," alisema Wakili.

"Hata moja?"

"Hata moja, Sista."

Dada akavuta kiti, akaketi karibu mno na mdogo wake hata magoti yao yakagusana. "Sema si yenu," alisema.

Mchoraji alidhani hakusikia vizuri. "Dada?"

"Sema picha si yenu, mdogo wangu. Sasa hivi nina watoto watatu wanapokezana mashine moja. Namtoa huyu, namweka huyu, namtazama yule midomo inavyobadilika rangi. Unajua ni nani anayechagua? Mimi. Ni mikono hii. Nimechoka kuchagua."

Hata Wakili aliiacha miwani yake. Mchoraji alihisi kile kiti cha pekee alichotarajia kukiegemea kikivutwa kutoka chini yake. Mbele yake walikuwa watu wazima wanne, na hakuna hata mmoja, kila mtu kwa sababu yake, aliyemwachia mlango wa kutokea.

"Dada," alisema, "akina mama wakikuuliza kama mtoto atapona, huwa unawajibu nini?"

"Usinianzie."

"Nakuuliza tu."

"Nawaambia ninachokijua. Kama sijui, nasema sijui." Dada alikunja uso. "Nikiwadanganya mara moja, siku nikimwambia mama 'niachie mtoto, nenda ukapumzike,' ataniachia? Lakini usiyageuze maneno yangu, wee mtoto! Hii ni gemu. Ni soksi!"

"Walionunua hawakununua soksi, dada. Wewe mwenyewe umesema, ni watoto watatu. Walinunua wale watatu. Leo nikiwaambia wanaota, siku nyingine wodi ikiomba, nani atatoa?"

"Siku nyingine!" Dada alitoa kicheko kilichokauka. "Wanangu wana leo tu."

Dada alikuwa na haki. Kila neno lake lilikuwa na haki. Laiti angekuwa anasema upuuzi, mambo yangekuwa mepesi.

Nje ya kioo, kijana wa kamera aliinua vidole vitano: dakika tano.

"Haya," alisema Meneja huku akiinuka. "Tumeelewana?"

Mchoraji naye akainuka. Alishika ukingo wa meza. Hakumtazama Meneja kwanza. Alimtazama dada yake, ambaye alikuwa ameinamisha uso, mikono yake miwili imelala mapajani kama vitu alivyoazimwa.

"Hapana," alisema. "Wakiniuliza, nitasema picha ni ya kweli na sentensi niliiandika mimi. Nitasema wodi inapata nusu, si chote. Nitasema pia kwamba wodi inaweza kukosa kila kitu kwa sababu ya maneno yangu, na nitawaomba wanaoweza wapeleke wenyewe. Sitasema imeghushiwa. Mkitaka, niondoeni kwenye matangazo sasa hivi. Nitakwenda kuyasema nikiwa barabarani."