Kubwa Moja, Fito Tano, Vidogo Sita

Mimi hasira zangu ziko karibu, na hesabu ilijua njia ya kuzifikia. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa hesabu mara mbili, na chuo cha uuguzi kiliniandikia wazi: nafasi ya tatu ndiyo ya mwisho. Kila nilipoona x² + 5x + 6 nilivijumlisha vyote kwa pamoja, nikapata 12 yenye x kadhaa, nikakosa, nikalirusha daftari.

Nikisubiri siku ya mtihani, nilimsaidia shangazi yangu, fundi vigae. Wenzake walimwita Bi Rula, maana jicho lake halikosei hata upana wa ukucha. Shule aliiacha darasa la nne. "Hesabu ndiyo iliyonifukuza," alizoea kusema, na hapo hakuwa akitania.

Asubuhi moja, bafuni kwa mteja, alipiga magoti, akapima, akanitajia vya kuagiza kwa mkata vigae: "Kubwa moja, fito tano, vidogo sita." Fito ni vipande vyembamba, urefu sawa na kigae kikubwa, upana sawa na kile kidogo. Nami kwa haraka zangu zisizo na baraka nikapiga simu: "Vigae kumi na viwili!"

Vikaja vikubwa kumi na viwili.

"Kumi na viwili vya nini, mwanangu?"

"Si nimejumlisha, shangazi?"

"Umejumlisha mbuzi na kamba zake. Ufito hauwi kigae hata ukiuhesabu mara mia. Kila kitu kihesabu kwa jina lake."

Nilivimba kwa hasira, nikataka kuondoka. Bahati nzuri nilibaki. Vilipoletwa vinavyotakiwa, alivipanga mbele yangu: kikubwa sakafuni kando ya ukuta, fito tatu ubavuni mwake, mbili chini yake. Ikabaki kona tupu.

"Hapa vinaingia vidogo vingapi?"

"Sita."

"Kwa nini sita?"

Nikatazama. Vitatu upande huu, viwili upande ule. Tatu na mbili, fito tano. Tatu mara mbili, vidogo sita. Mwiko ulinitoka mkononi. Kile kikubwa kilikuwa x², fito zilikuwa 5x, vidogo vilikuwa 6, na sakafu nzima ilikuwa na upande wa x + 3 na upande wa x + 2. Miaka yote nilitukana kitu ambacho shangazi alikipigia magoti kila siku.

"Rudia kuvipanga, shangazi." Akarudia, akarudia tena, mpaka mteja akauliza kama bafu lake litakwisha mwaka huu.

Mtihani ukaleta x² + 7x + 12. Nikachora sakafu pembeni mwa karatasi. Fito saba, vidogo kumi na viwili: tatu na nne! Nilicheka peke yangu, msimamizi akanikazia macho.

Matokeo yalipotoka nilimkuta shangazi jikoni kwa mtu, akijaza saruji kwenye maungio ya vigae. Nikapiga magoti kando yake.

"Nimefaulu, shangazi. Umenifaulisha wewe. Sina la kukulipa ila ahsante, na nitaisema mpaka uichoke."

Nikachukua chaki yake, nikamwandikia palepale sakafuni: kubwa na jina lake, fito na jina lake, vidogo na idadi yake. Alizifuata zile herufi kwa kidole, moja moja.

"Hii ni hesabu ya darasa la ngapi?"

"Ya sekondari, shangazi."

Akajifuta mikono taratibu, machozi yakimshuka. "Kumbe miaka thelathini nipo sekondari," akasema, "na hakuna aliyeniambia."