Maji ya Ekzosi

Jumamosi asubuhi, uani kwake Ngokolo, Mwalimu Makoye aliifunga injini ya pampu ya maji kwenye fremu ya baiskeli yake kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza mnyororo ulichomoka. Mara ya pili bati la kushikilia injini lilikatika akiwa njiani, akaisukuma baiskeli kilomita tisa hadi shuleni na kumkuta mwalimu mkuu ameshamwandika mchelewaji. Shule ilikuwa mbali, na barua zake saba za kuomba uhamisho hazijajibiwa hata moja.

Safari hii alivuta kamba, injini ikanguruma, na ekzosi ikatoa maji.

Hayakuwa matone. Yalikuwa maji mekundu ya udongo, yakiruka hadi kwenye banda la kuku. Makoye akazima. Akasafisha kabureta, akabadili plagi, akawasha tena. Maji. Akaifungua injini yote na kuitandaza juu ya gunia. Ndani ilikuwa kavu kabisa.

"Wamekupiga huko mnadani," alisema mkewe, Mariana, akisogeza ndoo. "Ila yakituama yatafaa kufulia."

Injini hiyo aliinunua mnadani Kishapu, kwa mtu aliyeitoa kwenye mashimo ya dhahabu huko Geita. Makoye alihangaika nayo siku mbili zaidi. Alitaka kufika kazini tu, wala hakuwa ameomba kisima. Siku ya tatu, maji yakaleta gambuti.

Dada yake, Nyamizi, aliliokota, akaligeuza, akaona kiraka cha tairi alichokibandika kwa mkono wake. Lilikuwa la mumewe, Fredy.

Fredy alikuwa mchimbaji. Mwaka uliopita mwenye shimo alitoa taarifa kwamba Fredy na wenzake watano wameacha kazi kwa hiari na kuhama. Wakwe wakamwambia Nyamizi kwamba mume ameukimbia mdomo wake. Akafungasha vyake, akaja kuishi kwa kaka yake.

"Kumbe yuko huko chini," alisema Nyamizi.

Makoye akanyoosha mkono kuzima injini, maana petroli ilikuwa ikiisha.

"Usiizime, kaka. Fredy alikuwa akinipigia simu analalamika. Bosi anazima pampu watu wakiwa shimoni, eti anabana mafuta. Iache imalize."

Makoye akaenda kununua petroli nyingine.

Jumatano aliomba ruhusa, akampakia dada yake nyuma, wakaenda kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya wachimbaji. Barabara ililowa nyuma yao. Ofisa alitoka barazani, akalitazama gambuti, akakinga kiganja kwenye ekzosi, akayanusa maji.

"Maji nayaona, mwalimu. Na gambuti nimeliona. Ila mwenye shimo ameandika kwamba shimo lilikuwa kavu."

"Sasa haya yanatoka wapi?"

"Kwenye baiskeli yako."

"Na mume wangu?" aliuliza Nyamizi.

Ofisa alifunua faili bila haraka. "Amehama kwa hiari. Hapa pa sahihi yake pako wazi. Ukimwona, mama, mwambie apite atie sahihi."

Neno lililomjia Makoye lilikuwa tusi la Kisukuma, na halikutoka kwa sababu dada yake alikuwa amesimama pale. Akageuza baiskeli.

Walipokuwa wakiondoka, ofisa aliuliza kama baiskeli ingeweza kupita kila Ijumaa, kwani tangi la ofisi lilikuwa halijapata maji tangu Agosti. Makoye alikataa. Baada ya siku mbili mwalimu mkuu akamkabidhi barua yenye mhuri, ikimwelekeza kuitikia wito huo kama mtumishi wa umma.

Kwa hiyo kila Ijumaa mchana Makoye huegesha baiskeli nyuma ya ofisi na kuvuta kamba. Nyamizi hushika kitenge kwenye mdomo wa tangi, akichuja. Mpaka sasa amepata tochi mbili za kichwani, sururu isiyo na mpini, simu, na magambuti tisa. Huvipanga chini kando ya ukuta vikauke, kila gambuti na mwenzake, la tisa peke yake.

Ofisa akitoka kula hupita hapo, humsalimia Nyamizi kwa heshima, na huinua miguu asivikanyage. Kisha huingia ndani, hufungua bomba, na kunawa mikono.