Wadudu wa Tangi la Sugoi

Huko Nairobi, kwa ofisi ya Madam Akumu, gesi yetu inaitwa "gesi isiyo ya kawaida." Nilipoambiwa hivyo nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ati isiyo ya kawaida! Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka ishirini na tatu nikizoa mavi ya ng'ombe, na sijaona kitu cha kawaida kuliko hayo mavi yanayotoa hiyo gesi. Lakini wacha nieleze kutoka mwanzo, kwa sababu watu wa Turbo wameanza kuisimulia hii habari vibaya. Wengine wanasema nilidanganya. Wengine wanasema nililia. Kulia nililia, nitafika hapo.

Jina langu ni Betty Chepkorir, lakini hapa Sugoi ni benki tu inayoniita hivyo. Mimi ni Mama Kigen, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji kumi na wanane, na tangi letu la kwanza la gesi lilichimbwa nyuma ya zizi langu. Tulilijenga kwa bonasi yetu ya maziwa ya miaka miwili. Mwenye ng'ombe anajua bonasi ni nini. Ni karo, ni mabati, ni jino la nyanya linalosubiri kung'olewa. Jirani yangu Cherono alikuwa amewaahidi watoto wake viatu vya Krismasi, akawanyima, kwa sababu mimi nilisimama baada ya ibada nikasema, "Mniamini." Basi waliniamini, na tangu siku hiyo kila Jumapili nilikuwa naona macho ya watu kumi na saba kwa kisogo changu.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya bweni ya wasichana, na jikoni mwao wanachoma lori nane za kuni kila muhula. Wapishi wao wanakohoa kama wazee. Sisi tuna mavi. Tukijenga matangi sita makubwa na kulaza bomba mpaka kwa hiyo jikoni, shule italipa robo tatu ya pesa ya kuni na itapika bila moshi. Lakini matangi sita hayajengwi na bonasi. Yanataka mtaji wa mtu mwenye mfuko mrefu, na huyo mtu alikuwa Madam Akumu, ambaye kampuni yake hutafuta mahali pa kuweka pesa kwa gesi ambayo haitoki kwa visima vya kawaida. Alisema atakuja Alhamisi kuona tangi letu moja linafanya kazi. Akiridhika, atasaini. Asiporidhika, tungebaki na shimo moja la gharama na watoto wa Cherono bila viatu.

Tangi lilijengwa na Isaiah Waweru, fundi wa Langas. Wazazi wake walitoka Nyeri, yeye alizaliwa hapa, na anaongea Kikalenjin vizuri kuliko watoto wangu wanaokaa na simu. Jumamosi kabla ya ziara alikuja kufundisha kikundi jinsi ya kutunza tangi. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwa koito ya mpwa wangu, tukijadili mahari mpaka jua likazama. Katibu wetu ni shemeji yangu Kipkirui. Kipkirui ana mwandiko mzuri sana, tatizo ni kwamba anaandika kama mtu anayelipishwa kwa kila neno. Jumatatu nikamuuliza, "Fundi alisema nini?" Akafungua kitabu, akasoma: "Fundi alisema tangi lina wadudu wengi sana."

"Wadudu?"

"Ndivyo alisema. Wengi sana."

Haki ya nani, nilisikia aibu mpaka kwa masikio. Mgeni wa Nairobi anakuja Alhamisi na tangi la Mama Kigen lina wadudu! Mimi, ambaye ng'ombe wangu hawajawahi kuonekana na kupe hata mmoja! Jumanne nikabeba pampu ya mgongoni, nikapulizia ng'ombe dawa ya kupe, nikapulizia sakafu, nikapulizia kuta, na iliyobaki nikaimwaga kwa mdomo wa tangi. Sikutosheka. Nikaongeza jiki, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, chupa nne. Zizi likanukia hospitali. Nikasimama hapo mikono kiunoni, nikajisifu.

Jumatano jioni moto wa gesi jikoni mwangu ukawa mdogo kama wa kibiriti. Alhamisi asubuhi nilifungua bomba na sikusikia hata pumzi.

Isaiah alifika saa mbili na nusu kwa boda boda. Akapiga magoti kwa mdomo wa tangi, akanusa, akavua kofia yake kama mtu aliyefika kwa kaburi.

"Mama Kigen, hapa mmemwaga nini?"

"Dawa ya kupe. Na jiki kidogo."

"Kwa nini, mama?"

"Si wewe ulisema kuna wadudu!"

Aliinuka, akajipangusa magoti. Halafu akaniambia polepole, kama anamwambia mgonjwa, kwamba hao wadudu ni wadogo wasioonekana, na wao ndio wanaokula mavi na kutoa gesi. "Hao ndio wafanyakazi wetu, Mama. Umewaua wote."

"Sasa mbona unamwita mfanyakazi mdudu?" nikamfokea. Najua halikuwa kosa lake, lakini mori ulikuwa umenipanda na yeye ndiye alikuwa karibu.

Hapo Kipkirui alikuwa tayari amewasha pikipiki. Akarudi kutoka Turbo na mtungi wa gesi wa kilo sita, ile ya dukani, akaufunga kwa bomba letu nyuma ya jikoni na kuufunika na magunzi ya mahindi. Moto ukawaka, buluu, mzuri. "Siku moja tu, shemeji," akasema. "Aone moto, asaini, aende." Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nikaingia ndani kubadilisha kitambaa cha kichwa. Sijivunii hicho kitambaa.

Madam Akumu alifika saa tano. Alikuwa mwanamke mrefu, amekuja na gambuti zake mwenyewe za matope, na hiyo ilinifanya nimpende papo hapo. Alikaa jikoni kwangu huku chai ikichemka kwa moto wa mtungi, akaniuliza maswali ambayo hakuna mwanaume wa benki amewahi kuniuliza.

"Januari ng'ombe wakikosa nyasi, gesi inapungua kiasi gani?"

"Inapungua karibu theluthi," nikasema. "Lakini Desemba na Januari wasichana wako nyumbani muda mrefu. Njaa ya ng'ombe na likizo ya shule zinakutana."

"Na bei ya kuni ikishuka?"

"Hapa Uasin Gishu? Miti gani imebaki?" Akacheka. Nikaendelea, maana nikianza sishikiki. "Madam, wewe unaangalia moto. Usiangalie moto. Moto utalipa matangi yako kwa miaka sita, basi. Angalia uji unaotoka upande ule mwingine baada ya gesi kutoka. Huo uji ni mbolea. Msimu uliopita mahindi yangu hayakuona mbolea ya dukani ya kukuzia, na nilivuna magunia ishirini na sita kwa ekari. Wakulima wa hapa hadi Turbo watanunua huo uji kwa foleni. Hapo ndipo faida imelala, na hapo hakuna mtu wa Nairobi amepaona."

Aliandika hayo yote. Nilikuwa nimewaka kushinda moto wenyewe, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli na nilikuwa nimelipigia hesabu mimi mwenyewe nikikamua. Kipkirui alikuwa anatabasamu pale mlangoni akishika sotet, kile kibuyu chetu cha mursik, tayari kumpa mgeni maziwa lala ya heshima.

Halafu Madam Akumu akasema, "Sasa naomba kuona kipimo."

Kipimo chetu ni bomba nyembamba ya plastiki iliyopinda, ina maji ndani, Isaiah alikifunga ukutani kwa mikono yake. Tangi likiwa na gesi, maji husukumwa upande mmoja. Siku hiyo maji yalikuwa sawasawa pande zote mbili. Mgeni akaangalia maji, akaangalia moto, akaangalia maji tena.

"Hicho kimeharibika," Kipkirui akasema haraka. "Fundi hakukifunga vizuri."

Nikamwangalia Isaiah. Aliinamisha kichwa tu, akashika ukingo wa kofia yake, mtu mzima akimeza jina lake mwenyewe ili mimi nipate matangi sita. Hapo kitu kikanikata ndani. Mimi naweza kuishi na shimo la gharama nyuma ya zizi. Kuishi na hiyo, ati kazi nzuri ya mtu imeitwa mbovu jikoni mwangu na mimi nimenyamaza? Hapana.

Nikainuka. Nikatoka nje, nikapiga yale magunzi teke, nikafunga mtungi. Moto ukazima, chai ikaacha kuchemka.

"Madam," nikasema, "kipimo ni kizima. Fundi ni mzima. Tangi ndilo limekufa, na aliyeliua ni mimi."

Nikamweleza yote, dawa, jiki, mtungi, magunzi. Kipkirui akajifunika uso na mkono. Na nikiwa katikati ya maneno, macho yangu yakaangukia ile sotet mkononi mwake. Kibuyu cha mursik hakioshwi na sabuni hata siku moja. Tunakisugua ndani na ukuni wa moto wa mti wa senetwet, basi, na ungekikaribia na jiki mama mkwe wangu angekurudisha kwenu jioni hiyo hiyo. Kwa nini? Kwa sababu kuna kitu ndani kinacholalisha maziwa, na hicho kitu kiko hai.

"Oi!" nikapiga kelele. "Isaiah! Kumbe tangi ni sotet!"

"Eeh, Mama," akasema, macho yakimtoka. "Ni sotet kubwa."

"Sasa si ungesema hivyo tangu Jumamosi!"

Madam Akumu alifunga kitabu chake. "Mwaka huu nimetembelea matangi kumi na moja," akasema. "Saba nimekuta yamekufa. Nikiuliza, naambiwa ni mvua, ni jirani mwenye wivu, ni fundi. Hakuna aliyewahi kuniambia ni mimi." Roho yangu ikapanda, lakini hakuwa amemaliza. "Hata hivyo leo sisaini. Siwezi kuweka pesa za watu kwa maneno matamu, hata yakiwa ya kweli. Litafufuka kwa siku ngapi?"

Isaiah akasema labda thelathini. Mimi nikasema, "Ishirini na moja."

"Basi nitarudi siku ya ishirini na moja, mimi mwenyewe."

Kipkirui, maskini, akanyoosha ile sotet. Nikamzuia. "Rudisha hiyo. Wanariadha wetu hupewa mursik wakirudi na medali. Leo hapa nani ameshinda nini?" Mgeni akaondoka akiwa amekunywa nusu kikombe cha chai tu.

Siku zilizofuata sitaki kuziona tena, na singezibadilisha na zozote. Nilisimama tena baada ya ibada, nikawaambia wote nilichofanya. Jumatatu walikuja kumi na saba, na ndoo. Tulichota tangi lote. Huo uji wenye sumu haungeweza kwenda kwa mahindi wala karibu na mto, kwa hivyo tukachimba shimo mbali, tukalitandika karatasi ya plastiki, tukaumwaga humo. Isaiah ana tangi dogo la mavi ya nguruwe kwake Langas, liko hai na lina nguvu. Akaleta mitungi arobaini ya uji wake kwa lori ya rafiki, ndiyo mbegu ya kuanzisha upya. Kuna wazee walikunja pua kwa sababu ya nguruwe. Nikawaambia anayechagua mavi aende nyumbani. Hakuna aliyeenda. Ng'ombe tukawahamishia upande wa chini wakati wa kupuliziwa dawa, isije ikatiririkia tangi, na kwa mdomo wa tangi nikaandika kwa rangi nyekundu: HII NI SOTET.

Cherono alifanya kazi siku tisa bila kunisemesha. Siku ya tisa akaweka ndoo chini, akaniangalia. "Kumbe hata wewe hukosea, Mama Kigen?"

"Nakosea."

"Basi nimefurahi," akasema, akabeba ndoo yake.

Siku ya kumi na tano maji ya kipimo yalisogea upana wa kidole. Siku ya kumi na nane gesi ilitoka lakini ikakataa kuwaka. Siku ya ishirini haki ya nani sikula.

Siku ya ishirini na moja Madam Akumu alifika na gambuti zake. Hakuja jikoni kwanza, alienda moja kwa moja kwa kipimo. Maji yalikuwa yamepanda upande mmoja, urefu wa mkono mzima. Akaja, akasimama kando yangu. Kikundi chote kilikuwa mlangoni na madirishani, hakuna aliyekohoa. Nikawasha kibiriti, kikazima. Nikawasha cha pili.

Moto ukashika, fuu, ukazunguka jiko lote. Watu wakapiga kelele mpaka ng'ombe wakashtuka.

Alisaini hapo hapo, karatasi ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Matangi sita, na bomba mpaka shuleni. Aliongeza mstari mmoja kwa kalamu yake: kila mfugaji mpya atafundishwa na Isaiah Waweru na Betty Chepkorir. Halafu Kipkirui akaleta sotet, safari hii bila kuzuiwa, akampa mgeni kwa mikono miwili. Madam Akumu akaipokea, akageuka, akaniwekea mimi mdomoni.

"Si ulisema ni ya aliyeshinda?" akasema. "Kunywa."

Nikanywa. Cherono akaanza kuimba. Machozi yakanitoka mbele ya watu kumi na saba, na mtu akauliza Mama Kigen ana nini.

"Ni moshi," nikasema, nikipangusa macho.

Isaiah akavaa kofia yake vizuri. "Mama Kigen," akasema kwa sauti ili wote wasikie, "gesi yangu haina moshi."