Sala ya Mwakilishi

Wanafunzi wenzangu walinichagua nikawasemee kuhusu choo cha bweni letu, ambacho hakikuwa kimeonja maji tangu muhula uanze. Nikaingia kwenye kamati ya chuo kifua mbele, ndani ya suti ya binamu yangu, nikijua watanikoma.

Wapi! Hoja za wanafunzi zilikaa chini kabisa ya ajenda, kwenye "mengineyo", na kila tukifika hapo mwenyekiti anatazama saa, wajumbe wanatazama mlangoni ambako chai inanukia. "Kijana wetu, hilo tutalibeba kikao kijacho." Kazi yangu ikabaki moja tu: kwa kuwa mimi ni mdogo wao, nifungue kikao kwa sala.

Basi siku hiyo nikasimama. Wakainamisha vichwa, wakafumba macho.

"Ee Mungu," nikaanza, "wabariki wazee wetu hawa. Unajua choo chetu hakina maji. Unajua pampu yetu imehamishiwa bustani ya mkuu wa chuo, maua yanameremeta, sisi tunanuka. Watie aibu kidogo, Baba, pampu irudi."

Hakuna aliyethubutu kufumbua macho. Nani akatize sala? Wakaitikia "Amina" wote, mkuu wa chuo kwa sauti nzito kuliko wenzake.

Bwenini wakanibeba juu juu.

Kikao kilichofuata, choo kikiwa kikavu vilevile, nilisimama nianze. Mwenyekiti akaniwahi, akitabasamu.

"Kaa tu, mwanangu. Kuanzia leo tutafungua kwa dakika moja ya ukimya."